Ng'ombe Akinona, Faida Inaenda kwa Nani?

Vijana wengi wa Handeni na Korogwe siku hizi wananiuliza: "Afisa, nikipunguza mifugo, nikapanda nyasi na kuvuna hei, napata nini?" Swali zuri. Jibu lake haliko shambani tu, liko pia machinjioni.

Kundi kubwa la kuhamahama linachosha ardhi na kuleta ugomvi na wakulima. Ila linamuumiza na msindikaji wa nyama. Baada ya masika anapokea ng'ombe wazuri. Kiangazi kikikaza, wanakuja mifupa mitupu. Mchinjaji, maji na umeme wa chumba cha ubaridi analipia vilevile.

Tupige hesabu ya mfano

Tuchukulie dume la zebu lililokonda, kilo 200. Mzoga ukiwa asilimia 48, unapata kilo 96. Ukilinenepesha siku 90 likafika kilo 260, na mzoga ukawa asilimia 52, ni kilo 135. Kuchinja ni kulekule, nyama imeongezeka kilo 39. Gharama ya kusindika kila kilo inashuka, hivyo mnunuzi anaweza kukulipa vizuri zaidi.

Anaweza, siyo lazima. Ukiuza mnadani kwa kukadiria kwa macho, kilo hizo anazila dalali, wewe unabaki na deni la mashudu.

Fanya hivi

1. Tafuta mnunuzi kabla ya kuanza. Mkubaliane bei ya kilo kwenye mizani, kwa maandishi.

2. Vuna hei nyasi zinapoanza kutoa maua. Zikikomaa sana virutubisho vinapungua. Usichome mabua ya mahindi wala majani ya mpunga, ni chakula cha kujazia. Hei peke yake hainenepeshi haraka, ongeza pumba, mashudu na madini.

3. Jumlisha chakula, dawa, kuogesha na kibarua, gawa kwa kilo 60 zilizoongezeka. Ikizidi bei ya kilo ya ng'ombe hai, hapo hakuna biashara.

4. Uzeni kwa kikundi. Lori likijaa, nauli ya kila ng'ombe inapungua, na mnunuzi anawasikiliza.

Kwa hiyo usiuze kundi lote kwa sababu ya maneno ya semina. Anza na madume matano kwa msimu mmoja, andika kila shilingi, halafu njoo na daftari tulikague pamoja.