Ala ya Nyaya za Pikipiki Kuukuu na Namna ya Kuifunga Upya

Katika pikipiki yoyote, nyaya zinazotoka kwenye bateri, altaneta, swichi na taa hukusanywa katika fungu moja linalopita chini ya tangi la mafuta, kuanzia shingo ya usukani hadi taa ya nyuma. Fungu hilo huvikwa bomba laini la plastiki au huzungushiwa utepe, na kifuniko hicho kitaitwa hapa ala, ili kitofautishwe na ngozi, yaani plastiki nyembamba inayoufunika kila waya peke yake. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa kazi yote, kwa sababu ngozi huzuia umeme usitoroke, ilhali ala huilinda ngozi isikwaruzwe na chuma, isichomwe na joto la injini wala kulowekwa na mafuta. Ala inapopasuka pikipiki haizimiki siku hiyohiyo, na kwa hiyo wengi huiacha ilivyo mpaka ngozi nazo zimekwisha kuliwa.

Barabara ya Bunyakiri, katika teritwari ya Kalehe, jimbo la Kivu Kusini, huzeesha ala kwa njia karibu zote zinazojulikana. Pikipiki inayoondoka Bukavu hupita Miti, ikakata Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega kwenye miinuko inayozidi meta 2,000, penye baridi na ukungu, kisha huteremka katika nchi yenye joto ya Watembo na kuifikia Bunyakiri baada ya takriban kilometa 80, kabla ya njia kuendelea hadi Hombo. Kutoka baridi ya mlimani kuingia katika joto la bondeni huufanya unyevu wa hewa ugeuke kuwa matone juu ya chuma na ndani ya viunganishi, nao udongo unaorushwa na matairi hujipenyeza ndani ya ala, ukawa kama msasa kila fremu inapotikisika.

Ala nyingi za kiwandani hutengenezwa kwa plastiki inayojulikana kwa kifupi kama PVC. Kwa asili yake plastiki hiyo ni ngumu, kama inavyoonekana katika mabomba ya maji, nayo hulainishwa kwa kuchanganywa na vimiminika vyenye asili ya mafuta viitwavyo vilainishi, ambavyo havifungamani na plastiki yenyewe bali hukaa tu katikati ya chembe zake. Kwa kuwa havikufungwa, huondoka polepole miaka inavyopita, na huondoka upesi zaidi panapokuwa na joto, petroli au mafuta ya kupikia, hadi plastiki irudie ugumu wake wa asili na kupasuka inapokunjwa. Hapa biashara ya Bunyakiri yenyewe inahusika: mawese yanayosafirishwa kwenda Bukavu katika bidoni zilizofungwa nyuma ya kiti yakivuja kidogo tu hutiririkia fungu la nyaya lililo chini ya kiti, yakavinyonya vilainishi, na kuiacha ala ikiwa imekakamaa.

Mahali panapoharibika kwanza, hata hivyo, ni shingo ya usukani, ambapo fungu zima hukunjwa na kukunjuliwa kila dereva anapogeuza usukani. Waya wa shaba unaokunjwa mahali palepale hukatika uzi mmoja baada ya mwingine, na nyuzi zinazobaki zikilazimika kubeba umeme wote hupata moto, zikazidi kuikausha ngozi inayozizunguka. Fundi anayeanza uchunguzi wake hapo, badala ya kubadilisha globu na bateri kwa kubahatisha, atamwokolea mwenye pikipiki fedha nyingi.

Tiba iliyozoeleka ni kuuzungusha utepe wa umeme, ambao wengine huuita skochi, juu ya ala iliyopasuka, au kukata ukanda wa shamburea kuukuu na kuukaza kwa nguvu. Ubunifu huo unastahili heshima, kwani umeirudisha nyumbani mizigo mingi ambayo ingelala njiani, lakini kama matengenezo ya kudumu ni kosa. Gundi ya utepe wa umeme hulainika kwa joto, ikachuruzika na kushika vumbi, kisha utepe hujifungua wenyewe. Shamburea nayo ni mpira uliokomazwa kwa salfa, na salfa ni adui wa shaba. Watengenezaji wa zamani waliotumia ngozi za mpira walilazimika kuipaka shaba bati kwa sababu hiyohiyo. Baya kuliko yote ni kwamba vifuniko hivyo viwili huyafungia maji ndani. Maji yakiufikia waya ulio wazi hupanda kati ya nyuzi za shaba kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi, na kuiacha kutu ya kijani sentimeta nyingi mbali na mahali yalipoingilia. Kwa hiyo ala haikusudiwi kuwa chupa: inapaswa kuzuia msuguano na kuyaacha maji yatoke.

Matengenezo ya kweli huanza kwa kuitenga bateri, na upande wa hasi hutangulia kufunguliwa, kwa kuwa fremu yote imeunganishwa na hasi na spana inayogusa fremu wakati wa kufungua chanya ingeweza kusababisha shoti. Baada ya hapo fungu hupigwa picha kwa simu au huchorwa kwenye karatasi, sehemu kwa sehemu, kisha ala kuukuu hupasuliwa kwa uangalifu kwa urefu wake, blade ikielekezwa nje ili isizikate ngozi. Uchafu huondolewa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo au spiriti. Petroli haifai, si kwa hatari ya moto peke yake bali pia kwa sababu inaendeleza uharibifu uleule uliotajwa.

Kila waya hukunjwa taratibu kwa vidole. Ule unaokunjika kwa urahisi kupita kiasi mahali pamoja umekatika ndani, hata kama ngozi yake ni nzima, na ule ambao ngozi yake inatoa mlio na kupasuka hauna budi kubadilishwa. Inapokatwa sehemu mbovu, fundi aendelee kukata mpaka aione shaba inayong'aa, maana risasi ya kulehemu haishiki shaba iliyokuwa nyeusi au ya kijani. Waya wa kuunga uwe na unene uleule au uzidi kidogo, na viungo visikutane mahali pamoja, bali vipishane, ili fungu lisifanye uvimbe na viungo viwili visigusane. Kila kiungo huvikwa kibomba cha plastiki kinachosinyaa kwa joto, ambacho lazima kipitishwe kwenye waya kabla ya kuunga.

Rangi za nyaya zinahitaji tahadhari ya pekee, kwa kuwa hakuna lugha moja ya rangi. Katika pikipiki za Honda waya wa kijani ndio wa hasi, ambao mafundi waliojifunzia Kifaransa huuita masi, na mweusi hubeba umeme wa chanya baada ya ufunguo kuwashwa. Katika Yamaha mweusi ndio wa hasi, na kazi ile ya chanya hufanywa na wa kahawia. Fundi aliyezoea Yamaha akiushika waya mweusi wa Honda na kuufunga kwenye fremu atakuwa ameunganisha chanya na hasi moja kwa moja. Pikipiki nyingi za Kichina zimeiga Honda CG125, iliyotolewa mwaka 1976, na mara nyingi hufuata rangi zake, lakini pikipiki iliyopita mikononi mwa mafundi watano haiaminiki kwa rangi. Huaminika kwa mita ya kupimia umeme tu.

Kwa kuvika upya, utepe bora ni ule wa PVC usio na gundi, ambao viwanda vya Kijapani vimeutumia kwa muda mrefu, kwa kuwa huwekwa kwa mvutano na kushikwa kwa gundi mwishoni tu. Unapokosekana, utepe wa kitambaa cha poliesta wa magari unafaa, na hata bomba la plastiki lenye mikunjo, lililopasuliwa kwa urefu, litafanya kazi nzuri kwenye shingo ya usukani. Kila mzunguko wa utepe ufunike nusu ya ule uliotangulia, na mahali fungu linaposimama wima kazi ianzie chini kwenda juu, ili tabaka zilaliane kama makuti ya paa na maji ya mvua yateremke bila kuingia. Kabla ya kufunga shingoni, usukani ugeuzwe hadi mwisho kulia na kushoto, fungu likiachiwa ulegevu wa kutosha. Mwisho wa chini wa ala uachwe wazi kidogo, ili maji yatoke.

Kazi hupimwa kwa mita kabla ya kiti kurudishwa. Taa ikiwa inawaka, tofauti kati ya volti za bateri na volti zinazofika kwenye taa ikizidi nusu volti, ipo shaba mbovu iliyosahaulika au kiunganishi chenye kutu. Kisha taa na ufunguo huzimwa, na mita ikiwekwa kwenye kipimo cha ampia huunganishwa kati ya hasi ya bateri na waya wake. Katika pikipiki kuukuu isiyo na saa wala king'ora, kipimo hicho kinapaswa kukaribia sifuri. Kisipofanya hivyo, umeme bado unavuja mahali fulani, na fungu lirudi kufunguliwa, hata kama ala yake mpya inang'aa.