Harusi ya kupendeza bila kuuza kiwanja

Harusi imekwisha Jumamosi usiku. Jumatatu asubuhi mwenye viti ameshapiga simu mara mbili, mpambaji ametuma ujumbe wa "nakumbushia tu", na mpishi yuko getini akisema kwa upole kwamba alikuwa anapita. Bibi harusi bado ana hina mikononi. Baba yake amejifungia chumbani na daftari la michango, anawapigia walioahidi laki moja moja, na simu hazipokelewi.

Familia nyingi za mijini zinaijua Jumatatu hiyo, ingawa haisimuliwi. Kinachosimuliwa ni jinsi ukumbi ulivyopambwa. Mkopo wa VICOBA uliochukuliwa Ijumaa kwa sababu mwenye ukumbi alitaka kumaliziwa pesa yake, au ada ya mdogo wake bibi harusi iliyoguswa "kwa muda", hayo hubaki ndani ya nyumba.

Sheria yenyewe haidai makubwa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa angalau siku 21 kabla, na ndoa ifungwe mbele ya mashahidi wasiopungua wawili. Hata mahari ambayo haijamalizika haibatilishi ndoa iliyotimiza masharti mengine. Ukumbi, keki, matarumbeta na sare ni hiari ya familia. Wazazi wanaoanza wakilijua hilo huingia kwenye kikao cha kwanza na swali sahihi, yaani "tuna shilingi ngapi?", kabla mjomba hajauliza "ukumbi gani?"

Hesabu ya vichwa

Pesa ya harusi huliwa na idadi ya watu kuliko kitu kingine chochote. Tuseme mpishi anatoza shilingi 20,000 kwa sahani na vinywaji vimekadiriwa shilingi 8,000 kwa mtu. Wageni 300 ni shilingi 8,400,000, na bado hakuna aliyekalia kiti. Viti, meza, vitambaa na ukubwa wa ukumbi vyote vinafuata idadi hiyo hiyo. Familia ikialika watu 120, chakula na vinywaji ni shilingi 3,360,000. Zimeokolewa zaidi ya milioni tano, na hakuna punguzo la mpambaji linaloweza kufika huko, hata awe binamu.

Kukata majina ndiko kunakouma. Mama amechangia harusi za watu kwa miaka ishirini, na kwake orodha ya wageni ni orodha ya madeni ya heshima. Binti anataka marafiki wa chuo na wenzake wa kazini.

"Mama, huyu wa namba arobaini hata simjui."

"Humjui wewe, mwanangu. Babu yako alipofariki alilala hapa kwetu siku tatu."

Hapo hakuna mwenye kosa, na kikao cha watu ishirini hakiwezi kuamua jambo hilo. Liamuliwe na wazazi wa pande zote mbili pamoja na maharusi, mezani, kabla kamati haijaundwa. Familia nyingine hugawa shughuli: mchana baada ya ndoa majirani na wanajumuiya wanakula pilau nyumbani, kwenye masinia, chini ya turubai, jioni wanabaki ndugu wa karibu na marafiki wachache mahali padogo. Pilau ya masinia inayopikwa na kina mama wa mtaa kwa sufuria za kuazima haifanani kabisa kwa gharama na sahani ya ukumbini, na wazee wengi wanaipenda zaidi.

Kwa wale watakaokosa nafasi, dawa ni kuwaendea mapema. Shangazi akifuatwa na kuambiwa, "Shikamoo shangazi, tumekuja kukwambia wenyewe, ndoa itakuwa ya watu wachache, na baada ya wiki maharusi watakuja kukusalimu," atanung'unika kidogo, kisha atauliza wanapenda kula nini. Akisikia kwa watu, hilo litakuwa jambo la kutafutiwa wasuluhishi.

Kadi inayodanganya

Kamati nyingi husema wageni wengi ni michango mingi. Kwenye karatasi inaonekana kweli: kadi ya mtu mmoja ikiwa shilingi 50,000 na kumlisha ni 28,000, inabaki 22,000. Ila hesabu hiyo inachukulia kwamba kila aliyeahidi atalipa, na atalipa kabla ya siku yenyewe. Wapo watakaolipa nusu na kuja wawili. Wapo ambao kadi itawafikia kwa aibu tu, kwa kuwa ni bosi au mkwe wa mtu. Wapo watakaosema "nitakamilisha mwisho wa mwezi", na harusi ni tarehe 12.

Kwa hiyo bajeti ipangwe kwa fedha iliyokwisha kuingia. Ahadi iandikwe safu yake, na isinunue hata soda. Kamati inayojiheshimu huweka tarehe ya mwisho ya michango, wiki mbili au tatu kabla ya harusi, kisha inakaa na kukata: kilichopo mkononi kinatosha watu wangapi? Kama mapambo yalipangwa milioni mbili na zimepatikana laki nane, mpambaji aambiwe siku hiyo, si Jumatatu ya baada.

Kuna jambo ambalo wazazi wanaotaka harusi ndogo hulisahau. Huwezi kutuma kadi za mchango kwa watu 400 kisha ukaalika 120. Kwa desturi ya sasa, ukishapokea mchango wa mtu umeshamwalika. Anayetaka wageni wachache aombe wachache, na akubali kwamba sehemu kubwa itatoka mfukoni mwake na mwa maharusi.

Vikao navyo vina gharama. Kamati ya watu kumi na watano inayokutana baa kila Jumapili kwa miezi mitatu, vinywaji vikilipwa na mfuko wa harusi, inaweza kunywa bei ya keki na shela kwa pamoja. Watu watano wenye kazi maalumu wanatosha, sebuleni, kwa chai na karanga. Na michango isiingie kwenye simu ya mtu mmoja asiyetoa taarifa. Mhazini aandike kila kilichoingia na kutoka pale ambapo wanakamati wote wanaona.

Tarehe, na vitu vidogo

Jumamosi za Desemba, wikiendi za baada ya Idi na wiki za mwisho kabla ya Kwaresma ndizo zinazogombewa. Mwenye ukumbi anayekataa kupunguza Jumamosi hiyo huwa na sikio Ijumaa au Jumapili jioni. Kabla ya kulipa malipo ya awali, familia iulize kwa maandishi: jenereta ni la nani umeme ukikatika? Usafi unalipiwa? Vinywaji vya kutoka nje vinaruhusiwa, na kuna ada? Muda ukizidi saa sita usiku inakuwaje? Majibu ya mdomo hubadilika usiku wa harusi.

Vinywaji vinunuliwe duka la jumla kwa makubaliano kwamba kreti zisizofunguliwa zitarudishwa. Shela na suti ni za kukodi. Zitavaliwa siku moja. Keki inaweza kuwa ndogo ya kukatwa mbele ya wageni, na nyingine ya kawaida, iliyokatwa tayari, ikatoka jikoni. Magari ya ndugu yakioshwa vizuri yanatosha. Sare ni kitenge cha bei ambayo dada wa kijijini anaweza kuimudu, la sivyo atatafuta udhuru wa kutokuja.

Mahali pasipofaa kubana sana ni picha na chakula. Mpiga picha wa bure ambaye simu yake imejaa hawezi kurudiwa, na mgeni aliyeondoka na njaa hukumbuka njaa yake kuliko maua.

Baada ya harusi huja kikao cha kuvunja kamati, ambacho sehemu nyingi kimegeuka sherehe nyingine, na mbuzi wake. Kama kuna kilichobaki, maharusi wapya wana mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mhazini asome mapato na matumizi, bakaa wakabidhiwe wao, na daftari la michango apewe mama mzazi. Atalihitaji. Aliyetoa 30,000 ana binti anayeolewa mwakani, na mama atataka kujua alitoa nini.