Je, Wajua? Amplifaya ya Spika Huweza Kuunguza Hedifoni

Je, wajua kwamba si kila bodi ya amplifaya inayopachikwa juu ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi inafaa kwa hedifoni? DigiAMP+, kwa mfano, hutoa hadi wati 35 kwa kila spika, ilhali hedifoni nyingi hutosheka na miliwati chache tu.

Hata hivyo, ukali wa sauti waweza kupunguzwa. Hatari kubwa iko kwenye nyaya. Katika bodi za aina hii, nyaya zote mbili za spika hubeba mawimbi ya sauti: moja ikipanda, nyingine hushuka. Hakuna uliounganishwa na ardhi. Plagi ya kawaida ya hedifoni, ile ya milimita 3.5, ina sehemu tatu: ya kushoto, ya kulia, na moja inayotumiwa na pande zote mbili. Ukiiunganisha hapo, nyaya hasi za pande mbili zinagusana na kupiga shoti. Bodi yenye kinga hujizima. Isiyo nayo huungua.

Kutumia nyaya chanya pamoja na ardhi ni vibaya zaidi. Bodi ikitumia volti 12, takribani volti 6 za umeme mnyoofu hupita moja kwa moja kwenye koili za hedifoni.

Raspberry Pi 5, iliyotoka mwaka 2023, haina tundu la hedifoni. Ukihitaji bodi ya nyongeza, chagua yenye amplifaya ya hedifoni, kama DAC Pro, na usome maelezo yake kabla ya kulipa.