Sare Hurudishwa Ghalani: Tujiandae Mapema

Kila mwanajeshi na kila polisi aliyetia sahihi siku ya kupewa sare anajua kwamba ipo siku atatia sahihi nyingine, ya kuirudisha. Siku hiyo bunduki itakabidhiwa ghalani, jina litafutwa katika orodha ya kikosi, na mwenye jina atashika njia ya kwenda nyumbani. Hatuandiki haya ili kumtia mtu huzuni. Tunaandika kwa sababu tumehudhuria sherehe nyingi za kuwaaga wastaafu, tukaona ya kwamba wapiganaji wawili wenye cheo kimoja na miaka sawa ya utumishi waweza kutoka katika lango moja, mmoja akienda kwenye mali yake na mwingine akienda kwa wanaomdai.

Mtumishi wa kawaida wa serikali ya Uganda huondoka kazini atimizapo miaka 60. Askari wa vyeo vya chini huondoka mapema zaidi, kwani vita ni kazi ya miguu na mapafu ya kijana. Kwa hiyo kustaafu mapema kwetu si ndoto ya matajiri. Ni sehemu ya kazi yenyewe. Swali lililobaki ni moja tu: je, siku hiyo itatukuta tumejiandaa, au itatuvamia kama adui asiyepelelezwa?

Historia ya jeshi letu inatufundisha. Kati ya mwaka 1992 na 1995, vita vikubwa vilipokwisha na hazina ya taifa ikiwa na upungufu, serikali ilipunguza askari wapatao 36,000. Wengi wao walikuwa bado vijana. Walipewa fedha za kuanzia maisha, wakapewa na mabati ya kuezekea nyumba, kisha wakarejea vijijini. Hawakuwa wamekosa nidhamu, wala hawakuwa wameomba kuondoka. Amri ilikuja, na amri ya kwenda nyumbani hutiiwa kama amri nyingine. Yule aliyekuwa na shamba linalozaa au biashara inayokwenda aliyapokea mabati yale kama nyongeza. Yule ambaye hakuwa na kitu aliyapokea kama urithi wake wote.

KUJITEGEMEA NI NINI

Wapo wanaodhani kwamba kujitegemea kifedha ni kuwa na gari na nyumba ya ghorofa. Sivyo. Mtu amejitegemea kifedha pale ambapo mali yake inazaa, mwezi hata mwezi, kiasi cha kutosha kulipia chakula, makazi, matibabu na karo za watoto wake, hata kama hakupokea mshahara. Mwenye gari lililonunuliwa kwa mkopo hajitegemei, anamtegemea aliyemkopesha. Mwenye ng'ombe watano wa maziwa, vyumba vitatu vya kupangisha na akiba benki, asiyedaiwa na mtu, yuko karibu zaidi na uhuru huo, hata kama anatembea kwa miguu.

Mtu wa namna hiyo hutumikia taifa kwa moyo mkunjufu. Hongo haimshawishi, kwa maana hana shimo la kuziba. Polisi wa barabarani asiyedaiwa husimama wima mbele ya dereva mwenye makosa. Hivyo basi, akiba ni jambo la nyumbani, lakini ni jambo la nidhamu pia.

KUANZIA CHINI YA SIFURI

Sisi wenyewe hatukuanza vema. Tulipotoka chuo cha kadeti na nyota moja begani, tuliona haya kuketi bwaloni bila simu ya fahari na viatu vya kiraia vya bei kubwa. Tukamwendea mkopeshaji mmoja wa mjini, tukachukua shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi. Kila mwisho wa mwezi tulilipa shilingi 100,000, tukajihesabu kuwa waaminifu. Baada ya miezi kumi tulikuwa tumekwisha kulipa shilingi 1,000,000 kamili, na deni lilikuwa bado shilingi 1,000,000. Kadi yetu ya benki alikuwa nayo yeye. Ofisa aliyefundishwa kuongoza watu alikuwa akisimama mlangoni pa raia kila tarehe ya mshahara, akingoja kupewa masalio ya jasho lake mwenyewe.

Baadaye ndipo tulipojua kwamba Sheria ya mwaka 2016 inayosimamia wakopeshaji nchini Uganda inamkataza mkopeshaji kushika kadi ya benki au kitambulisho cha mkopaji kama dhamana. Laiti tungaliuliza mapema! Tulijinasua kwa kuuza ile simu, kula chakula cha jeshi badala ya kile cha hotelini, na kuchukua mkopo wa riba ndogo katika chama cha ushirika ili kuuzima ule mkubwa. Tunasimulia aibu hii kwa sababu tunajua wapo wasomaji ambao kadi zao, hivi leo, ziko katika kabati la mtu mwingine.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kulipa deni la riba kubwa. Hakuna shamba wala duka linaloweza kuzaa asilimia 10 kila mwezi bila kukosa. Kulipa deni la namna hiyo ni faida kuliko biashara yoyote. Hatua ya pili ni kuweka akiba ya dharura, yaani matumizi ya miezi mitatu, ili msiba au ugonjwa usiturudishe kwa yule yule mkopeshaji. Akiba hiyo ikae mahali pa kuifikia upesi, wala isiguswe kwa sherehe.

HESABU YA MIAKA

Hatua ya tatu ndiyo safari yenyewe, nayo inahitaji hesabu. Tuseme, kwa urahisi, kwamba askari anapata shilingi 600,000 kwa mwezi. Tuseme pia kwamba akiba yake inakua kwa asilimia 5 kila mwaka juu ya kupanda kwa bei za vitu, na kwamba shabaha yake ni kuwa na mali inayolingana na matumizi yake ya mwaka mara 25.

Akiweka asilimia 10, yaani shilingi 60,000 kwa mwezi, anatumia 540,000, na shabaha yake ni shilingi 162,000,000. Ataifikia baada ya miaka 51. Huyo atazeeka kabla ya kufika. Akiweka asilimia 25, yaani 150,000, anatumia 450,000, shabaha inashuka kuwa 135,000,000, na safari ni ya miaka 32. Akiweka nusu, yaani 300,000, shabaha inashuka hadi 90,000,000, na safari haifiki miaka 17.

Msomaji na aitazame hesabu hiyo mara mbili. Kila shilingi inayopunguzwa katika matumizi inafanya kazi mbili kwa mpigo: inaongeza akiba na inapunguza shabaha. Ndiyo maana nyongeza ya mshahara peke yake haimkomboi mtu ambaye matumizi yake hupanda cheo pamoja naye.

Hesabu ya mara 25 ilienea kutokana na uchunguzi wa mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, uliochapishwa mwaka 1994. Alipitia kumbukumbu za hisa na hati za mikopo za nchi yake kuanzia mwaka 1926, akaona kwamba mstaafu akitumia asilimia 4 ya mali yake mwaka wa kwanza, kisha akaongeza kiasi hicho kadiri bei zinavyopanda, mali hiyo ingedumu angalau miaka 30. Lakini tusiichukue kama amri ya kudumu. Yeye alipima masoko ya Marekani, na alimfikiria mzee. Anayestaafu akiwa na miaka 40 huenda akaishi miaka 50 zaidi. Huyo na aweke zaidi, au aendelee na kazi ya mikono yake.

Wengine watasema: nani awezaye kuweka nusu ya mshahara, na wazazi, watoto na ndugu wote wanamtazama yeye? Kweli, si kila mtu. Hata hivyo tukumbuke kwamba anayekaa kambini hupewa sare, matibabu na paa juu ya kichwa, vitu ambavyo karani wa mjini huvilipia. Kuruta wa miaka 20 asiye na mke ana nafasi ambayo hataipata tena. Na mwenye familia anayeweka robo tu ana pensheni na kiinua mgongo vitakavyomjazia pengo. Akikosa robo, aanze na sehemu ya kumi, kisha kila nyongeza ya mshahara ipitie katika akiba kabla ya kufika mfukoni. Haba na haba hujaza kibaba.

Iko nafasi nyingine. Tangu mwaka 2007 majeshi yetu yamekuwa yakitumikia Somalia, na aendaye huko hupata posho ya misheni juu ya mshahara wake. Posho ya mwaka mmoja, ikihifadhiwa nzima, yaweza kuruka miaka kadhaa ya safari tuliyoieleza. Lakini tumewaona pia waliorudi na fedha hizo, wakanunua gari kuukuu, na baada ya muda gari limesimama juu ya mawe nyuma ya nyumba, kuku wakitaga ndani yake.

FEDHA IKAE WAPI

Chama cha ushirika cha akiba na mikopo ndicho mlango wa karibu. Wanajeshi wa Uganda wana Wazalendo, kilichoanzishwa mwaka 2005. Polisi wana Exodus. Nguvu ya vyama hivi ni kwamba mchango hukatwa katika mshahara kabla mkono haujaushika. Mkopo wake, hata hivyo, una miguu miwili: mmoja huenda kwenye mali, mwingine huenda kwenye karamu. Tukope kwa ajili ya kinachozaa.

Ziko pia hati za serikali. Benki Kuu ya Uganda huuza hati fungani ambazo mwananchi aweza kuzinunua kupitia benki yake kwa kuanzia shilingi 100,000. Riba yake hulipwa kila miezi sita, baada ya kukatwa kodi. Mwenye hati ya shilingi 10,000,000 kwa riba ya, tuseme, asilimia 14, hupata shilingi 700,000 kila nusu mwaka kabla ya kodi. Lakini ajihadhari: riba hiyo haipandi bei zinapopanda. Asiile yote, sehemu yake airudishe katika akiba, kama mkulima arudishavyo mbegu ardhini.

Ardhi nayo ni mali njema, ikiwa mipaka yake inajulikana, hati imehakikishwa katika ofisi ya ardhi, na majirani walishuhudia ununuzi. Aliyeko mpakani asilime kwa simu. Shamba linalosimamiwa kwa kuuliza tu "kunaendeleaje?" huendelea vizuri katika masikio, na ghala hubaki tupu. Apande kwanza kisichohitaji macho ya kila siku, kama vile miti ya mbao, na ufugaji ausubirishe hadi awepo mtu wa kuaminika.

Na atakayeahidi kuzidisha fedha maradufu kwa miezi michache, akimbiwe. Wa mwanzo hulipwa kwa fedha za wanaofuata, na wanaofuata hawalipwi na mtu.

NENO LA MWISHO

Mambo mawili tuyaseme waziwazi. La kwanza, mipango hii haifai kufichwa mke au mume. Tumesikia habari za wajane waliozunguka ofisi kwa miaka wakitafuta mali ambayo marehemu hakumweleza mtu. Nakala za hati, namba ya uanachama na jina la mrithi viandikwe na vijulikane nyumbani. La pili, kustaafu mapema kuna utaratibu wake. Huombwa kwa maandishi, kupitia kwa kamanda, na hungoja kibali. Kutoroka si kustaafu. Mtoro hupoteza pensheni yake na jina lake kwa siku moja.

Jioni ya mshahara ujao, kabla ya kwenda kantini, msomaji na achukue karatasi. Upande mmoja aandike anachodaiwa na riba yake. Upande wa pili aandike alichotumia mwezi uliopita, bila kujificha. Hiyo ndiyo ramani. Sisi tulipoandika yetu kwa mara ya kwanza tuliona haya kuitazama. Kadi yetu ya benki leo iko katika mfuko wetu wenyewe, na ile karatasi tumeihifadhi pamoja na hati za shamba.