Lubum: Ficha Doh Yako Mbali na Wewe

Cheki hesabu ya mwalimu wa kawaida Lubumbashi, Kongo. Serikali inamlipa kwa franga, mwenye keja anadai kodi kwa dola, na siku ya kuingia alishatoa garantie, kodi ya miezi kadhaa kwa mpigo. Kwa hivyo kabla hajamanga chochote, mwalimu anashuka tao, kwenye komuni yenyewe ya Lubumbashi, kusaka dola. Wabadilishaji wamepanga mabunda ya franga kwa vimeza kando ya barabara kama wanauza nyanya. Hapo noti ya dola inainuliwa juani, inapapaswa kona moja moja. Ikiwa na kapasuko ka ukucha tu, hakuna duka litaitaka. Na kila ukibadilisha, kuna kitu unaachia meza.

Halafu kuna unga. Hapa ugali ni bukari, na unga mwingi unaingia kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Zambia ikibana mahindi yake, gunia la kilo 25 linapaa bei Lubum nzima. Msee asiye na doh ya gunia ananunua kwa kopo kila jioni, na makala (mkaa) vivyo hivyo, juu stima ya SNEL hupotea bila kuaga. Wasee wa Nairobi mnaijua hii, ni ile maisha ya kadogo. Jumlisha makopo ya mwezi mzima uone: ushalipia gunia na chenji juu, na nyumbani hakuna gunia. Watu hupenda kulaumu bia ya Simba baridi na luku za wikendi. Mimi nalaumu kopo.

Mwezi ukigoma katikati, unaenda Banque Lambert. Usisake jengo. Huyo ni jirani, ama mfanyakazi mwenzako, ama mathe fulani mwenye chapaa. Anakupa dola 100, mwisho wa mwezi anataka 150. Mwenye roho safi atasema 130. Dhamana inaweza kuwa simu ama televisheni, lakini tangu serikali ianze kuwalipa watu wake kupitia benki, 2011, dhamana tamu zaidi ni kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri. Siku ya mshahara yeye ndiye wa kwanza kwa mashine. Anakata yake, anakurudishia makombo, na kwa sababu makombo hayafiki popote, unakopa tena mkiwa mmesimama pale pale. Fuliza ya Kenya, ile overdraft ya simu, tangu 2019, nayo humeza doh ikiingia tu. Tofauti ni kwamba huyu ana uso, na Jumapili mnaketi benchi moja kanisani.

Na wacha kungoja donge litakalokuokoa. Mwaka 2003 na 2004 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, iliwatoa kazini zaidi ya watu 10,000 kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, wengi wakiwa wamekaa miaka bila mshahara, kila mmoja na malipo ya mkupuo. Kwa nyumba nyingi yalizama kwa madeni ya nyuma, yakaisha.

Form ya kutoka niliyoona ikishika ni likelemba, ndugu wa chama. Wasee kumi, kila mmoja dola 10 kwa wiki, mmoja anabeba 100. Ukibeba wa kwanza, hiyo ni loan bila riba. Ukibeba wa mwisho, umejiwekea akiba. Mwenye deni la Lambert anasaka zamu ya kwanza, anaongeza riba ya 50 kutoka mfukoni, anafunga deni lote siku hiyo, kisha analipa likelemba wiki tisa zilizobaki. Angebaki kwa Lambert miezi miwili, angetoa 100 ya riba tupu na zile 100 za kwanza bado ziko pale zinamngoja. Shida ni moja: mathe anayeshika daftari hampi mgeni zamu ya kwanza, ng'o. Lazima ukae mkiani raundi nzima wakusome. So ingia kabla hujakabwa shingo.

Nyingine ni karti. Asubuhi jamaa anapita sokoni meza kwa meza. Unampa franga 2,000, anatia alama kwa kisanduku kimoja kati ya 31 vya kadi yako. Visanduku vikijaa unapokea 60,000. 2,000 ni zake. Yaani unalipa ili uweke akiba! Mjuaji wa uchumi atacheka, na mimi namwambia hiyo ni kama asilimia 3, aende akaulize Lambert yake. Unachonunua ni umbali. Doh ikiwa kwa simu, binamu wote wanainusa. Ukisema iko kwa karti, wanakata simu.

Jamaa wa karti anaweza kuyeyuka na doh, hiyo ni kweli. Chagua mwenye anajulikana sokoni kwa miaka na keja yake unaijua. Benki ziko, hata za hapa Lubum: TMB, iliyozaliwa Lubumbashi 2004, ilichukuliwa na KCB ya Kenya Desemba 2022 kwa asilimia 85. Lakini sijaona meneja akifuata 2,000 za mathe kwa meza ya mboga.

Ukipokea zile 60,000, usilale nazo, franga inaweza kuteleza. Beba gunia siku hiyo hiyo, na jamaa umpe kisanduku cha kwanza cha mwezi mpya kabla hajafika meza ya jirani.