Hosi za Kupozea Giaboksi: Chagua kwa Mpira wa Ndani, si kwa Waya wa Nje

Ukitoka Likasi kwenda ziwa Tshangalele kwa njia ya Kapolowe wakati wa kiangazi, gari la zamani lenye giaboksi ya otomatiki hufanya kazi ngumu kuliko mwenyewe anavyodhani. Uko nyuma ya lori la madini kwenye mwinuko, vumbi jekundu limetanda, na huna pa kulipita. Injini inavuta, magurudumu yanazunguka polepole, na tofauti ya mizunguko hiyo inaishia kwenye konveta, kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi, ambako mafuta yanasukumwa na kusuguana mpaka yanapata joto kali. Upepo unaoingia kwenye rejeta nao ni haba kwa sababu gari halikimbii. Mafuta hayo hutoka kwenye giaboksi kwa bomba moja, hupita kwenye kipoza kilichomo ndani ya rejeta, kisha hurudi kwa bomba la pili. Vipande vya hosi vinavyounganisha mabomba hayo ndivyo ninavyovizungumzia hapa. Wenye Mercedes W123 na Peugeot 504 za otomatiki wanapenda kuvibadilisha kwa hosi zilizosukwa waya wa chuma, na wengi wanachagua kwa kutazama mng'ao tu.

Giaboksi hizi za zamani si dhaifu. Mwaka 1979 Hannu Mikkola alimaliza wa pili katika Safari Rally ya Kenya, nyuma ya Datsun ya Shekhar Mehta, akiwa na Mercedes 450 SLC 5.0 ya otomatiki. Mwaka huohuo alishinda mashindano ya Bandama kule Kodivaa kwa gari la aina hiyo. Giaboksi ya otomatiki inastahimili vumbi na mashimo ya Afrika maadamu mafuta yake yamebaki ndani na hayajaungua. Hosi ikipasuka, pampu huyamwaga yote barabarani kwa dakika chache. Yakidondokea ekzosi yenye moto, unaweza kupoteza gari zima.

Msuko wa chuma una kazi mbili: kuzuia mpira usivimbe kwa presha, na kuukinga usichubuke. Presha ya mabomba ya kipoza ni bar chache tu, kwa sababu mafuta yanayopita hapo yanatoka kwenye konveta, si kwenye klachi za ndani. Linganisha na hosi ya hidroliki yenye maandishi EN 853 1SN, ile ya safu moja ya waya: ikiwa na kipenyo cha inchi 3/8, inabeba bar 180. Kwa hiyo muuzaji anayekusifia nguvu ya msuko anakuuzia kitu ambacho giaboksi yako haikukiomba. Kinachoua hosi hapa ni joto, na mpira usiopatana na mafuta.

Hapo ndipo utazame ndani. Mpira wa EPDM, unaotumika kwenye hosi za maji ya rejeta, unavumilia maji ya moto vizuri sana, lakini ukikutana na mafuta ya giaboksi unavimba, unalainika, na mwishowe unaanza kumeguka. Vipande vyake huenda moja kwa moja kwenye vali ndogo za giaboksi. Kuna vifuko vya waya vinavyouzwa kama pambo, vinavyovishwa juu ya hosi yoyote na kufichwa kwa vifuniko vya rangi. Nje utaona hosi ya mashindano, kumbe ndani ni hosi ya maji. Usikubali hosi ambayo hukuuona mdomo wake uliokatwa.

Mpira wa naitraili unapatana na mafuta hayo, na ndio uliomo kwenye hosi nyingi za hidroliki. Kikomo chake cha kawaida ni nyuzi 100 hivi, na mafuta yanayotoka kwenye konveta wakati wa kupanda mlima huweza kupita hapo. Tefloni inafika nyuzi 260 bila shida, haizeeki upesi, wala haivujishi jasho la mafuta kama mpira unavyofanya baada ya miaka. Ubaya wake ni ugumu. Ukiikunja kupita kiasi inavunjika mkunjo, na pale ilipovunjika haitanyooka tena. Tena nipeli zake, yaani vipande vya chuma vya kuunganishia, zina pete maalumu inayokaa kati ya tefloni na waya, kwa hiyo usiifunge kwa nipeli za hosi ya mpira hata kama namba ni ileile.

Mabomba yale mawili hayana joto sawa, na jambo hili mafundi wengi wanalipuuza. Linalotoka giaboksi kwenda kwenye kipoza ndilo lenye moto. Linalorudi limeshapoa. Fedha ikiwa haba, weka tefloni kwenye la kwanza, na hosi nzuri ya naitraili yenye maandishi SAE J1532, kanuni iliyoandikwa mahususi kwa vipoza vya giaboksi, kwenye la pili. Ningefanya hivyo kabla ya kununua hosi mbili za kung'aa zisizo na maandishi yoyote.

Likasi ina bahati ambayo miji mingi haina. Huu ni mji wa migodi, wenye karakana kuu za kampuni ya madini ya Gécamines pale Panda, na mitambo ya migodini hutegemea hosi za hidroliki kila siku. Kwa hiyo mafundi wenye mashine ya kubana nipeli wanapatikana. Nenda na hosi ya zamani mkononi, useme mapema kwamba ni ya mafuta ya giaboksi yenye joto. Mwombe fundi akuoneshe maandishi ya ubavuni: kanuni, kipenyo, na tarehe ya kutengenezwa. Jihadhari na jambo moja tu. Hosi ya 1SN ya inchi 3/8 haitaki kukunjwa kwa nusu kipenyo chini ya milimita 130, na mbele ya gari dogo nafasi hiyo haipo. Omba nipeli yenye kona badala ya kuilazimisha hosi.

Nipeli nazo zina mtego. Mdomo wa koni wa mtindo wa Kimarekani unaotumika kwenye hidroliki una nyuzi 37, ule wa mabomba ya magari una 45. Kwa bomba la inchi 5/16, ambalo ni la kawaida kwenye vipoza, hesi zake zinalingana kabisa. Nati itaingia, utaikaza, na itavuja kwa sababu koni zinagusana kwenye mstari mwembamba badala ya uso mzima. Wenye magari ya Ulaya wategemee vipimo vya milimita na wasibahatishe.

Palipo na bomba la chuma la kiwandani ambalo ni zima, liache. Hosi inahitajika pale tu injini inapotikisika nyuma ya rejeta iliyosimama. Iache iwe na ulegevu kidogo, ikae mbali na ekzosi, na uivishe ala ya mpira kila inapogusa kitu. Vumbi la huku likiingia kwenye waya, msuko unakuwa msumeno: unakata aluminiamu ya rejeta, unakata nyaya za umeme, na unajikata wenyewe kwa ndani. Ukikata hosi, funga utepe kwanza mahali pa kukata, kisha pulizia upepo ndani mpaka unga wa mpira uishe.

Kabla ya kuunganisha, tazama maji ya rejeta. Yakiwa na rangi ya maziwa, kipoza cha ndani kimetoboka na maji yanaingia kwenye giaboksi, na hapo hosi mpya haitakusaidia kitu. Yakiwa safi, unganisha, jaza mafuta, na pima kiwango yakiwa yameshapata joto. Kwa W123 ni nyuzi 80, injini ikiunguruma, gia ikiwa P. Kisha endesha mpaka ziwani na kurudi, na hosi zikipoa ukaze upya zile za mpira zilizofungwa kwa klipu, kwa maana mpira hujikalisha baada ya joto la kwanza.