Kuchagua Mota ya Roketi Ndogo: Hesabu Inayotangulia Moto

Mwaka 1954, katika mji wa Norfolk, jimbo la Nebraska nchini Marekani, mwenye duka la viatu aitwaye Orville Carlisle aliunda roketi ndogo ya karatasi na ubao mwepesi. Nduguye Robert alikuwa akitoa mihadhara juu ya urukaji, naye alihitaji kitu cha kuwaonyesha wasikilizaji jinsi roketi inavyofanya kazi. Ajabu ya chombo hicho haikuwa kuruka kwake, kwani fataki zilikuwa zimeruka kwa karne nyingi. Ajabu ni kwamba kilirudi chini kikiwa kizima, kikatiwa mota nyingine, kikaruka tena.

Mwanzoni mwa 1957 Carlisle alimpelekea vielelezo mhandisi G. Harry Stine, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha majaribio cha White Sands, New Mexico. Stine alikuwa ameandika juu ya hatari inayowakabili vijana wanaochanganya fueli za roketi majumbani mwao. Katika kazi ya Carlisle aliona njia ya kuwaokoa: fueli ichanganywe na kushindiliwa kiwandani, na kijana aachiwe kuunda mwili wa roketi, kupiga hesabu na kurusha. Oktoba mwaka huo Sputnik ilipozunguka dunia, vijana wengi zaidi walishikwa na hamu ya roketi, na njia hiyo ikawa imekwisha kupatikana. Kanuni hiyo ingali inafuatwa, na yote yanayoelezwa hapa yamejengwa juu yake. Hakuna mahali ambapo mrushaji anatakiwa kutengeneza fueli.

Mota za kwanza zilikuwa mirija ya karatasi yenye baruti, iliyotupwa baada ya kuungua. Roketi za ukubwa wa kati kwa kawaida hutumia fueli nyingine: chembe za amoniamu pakloreti, ambayo ndiyo itoayo oksijeni, zikiwa zimeshikanishwa kwa mpira, na mara nyingi zikichanganywa na unga wa metali. Ni jamaa ya fueli iliyokuwa katika roketi mbili za pembeni za Space Shuttle, chombo cha anga cha Marekani kilichoruka kati ya 1981 na 2011. Mota nyingi za aina hii huuzwa kwa namna ya kujazwa upya. Mrushaji hununua ganda la aluminiamu mara moja tu. Kisha kwa kila safari hununua pakiti yenye vipande vya fueli, mrija wa kukinga ganda na joto, pete za mpira, mdomo wa kutolea gesi, na kipande kinachoungua polepole ili kupima muda. Pakiti ni rahisi kuliko mota nzima ya kutupwa, kwa hiyo anayerusha mara kwa mara hupata nafuu. Lakini ganda moja hupokea pakiti za namna nyingi, na hapo ndipo swali linapozuka: ichaguliwe ipi?

Swali hilo si dogo, maana fueli yabisi ikishawaka haizimiki wala haipunguzwi. Roketi za Scout zilizorushwa kutoka jukwaa la San Marco, karibu na pwani ya Malindi nchini Kenya, zilikuwa za fueli yabisi katika ngazi zote nne. Ile iliyopeleka setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970 iliondoka ikiwa nguvu ya kila mota imekwisha kuamuliwa na watu waliobaki chini. Roketi ya mwanafunzi iko katika hali hiyo hiyo.

Jina la mota husema nini

Tuseme juu ya pakiti pameandikwa F39-6. Herufi huonyesha jumla ya msukumo, yaani kani ya mota ikizidishwa kwa muda wa kuungua, ambayo hupimwa kwa niutoni-sekunde. Kundi la A hukoma kwenye 2.5, na kila herufi inayofuata huongeza kikomo maradufu: B ni 5, C ni 10, D ni 20, E ni 40, F ni 80, G ni 160. Namba ya kwanza, 39, ni kani ya wastani kwa niutoni. Namba ya mwisho, 6, ni sekunde zinazopita tangu fueli iishe hadi baruti kidogo ilipuke na kuusukuma mwavuli nje.

Herufi ndiyo inayovutia macho, nayo ndiyo inayodanganya zaidi. Mota yenye niutoni-sekunde 41 na mota yenye 79 zote ni F, ingawa ya pili inakaribia kuizidi ya kwanza mara mbili. Tena, mota mbili zenye jumla moja zaweza kutofautiana kabisa katika tabia. Mwalimu anaweza kulionyesha hili ubaoni kwa grafu ya kani dhidi ya muda. Eneo lililo chini ya mstari ndilo jumla ya msukumo, na eneo moja laweza kuwa jembamba na refu, au pana na fupi.

Tuchukue mfano. Roketi ina kilogramu 0.7 pamoja na mota yake, hivyo uzito wake ni karibu niutoni 6.9. Ziko pakiti mbili, F24 na F39, kila moja ikiwa na takriban niutoni-sekunde 50. Ya kwanza huungua kama sekunde 2.1, ya pili kama sekunde 1.3. Mwanafunzi asiyefikiri sana atasema ni mamoja, kwa kuwa nguvu ni ile ile. Lakini roketi haina usukani. Kinachoinyosha ni hewa inayopita kwenye mapezi yake, na hewa hiyo haifanyi kazi mpaka roketi iwe na mwendo wa kutosha. Kabla ya hapo inategemea reli ya kurushia. Kwa hiyo jambo la kuuliza kwanza ni mwendo wake inapoiacha reli. Kimo kitakuja baadaye.

Reli na iwe na urefu wa mita 1.8. Kwa F24, kani inayobaki baada ya kuondoa uzito ni niutoni 17.1, mchapuko ni mita 24.4 kwa sekunde kwa sekunde, na mwendo mwishoni mwa reli ni mita 9.4 kwa sekunde. Kwa F39, kani inayobaki ni niutoni 32.1, mchapuko ni 45.9, na mwendo ni mita 12.9 kwa sekunde. Warushaji wazoefu hutaka karibu mita 13 hadi 15. Ukivuma upepo wa mita 5 kwa sekunde, hewa itaigonga roketi ya kwanza kwa pembe ya digrii 28 hivi kutoka kwenye mhimili wake, na ya pili kwa digrii 21. Roketi yenye mapezi huinamia kule upepo unakotoka, na ile inayokwenda polepole huinama zaidi; sekunde chache baadaye inaweza kuwa inaruka juu ya vichwa vya watazamaji badala ya kupaa. Kwa kweli mota nyingi huanza kwa kani inayozidi wastani, basi hesabu hii ni ya tahadhari, lakini mpangilio haubadiliki. Kwa sababu hiyo wengi hushika kanuni fupi kwamba kani ya wastani isipungue mara 5 ya uzito. F39 hupata 5.7, F24 hupata 3.5 tu, nayo haifai.

Isidhaniwe kwamba F24 ni mota mbaya. Roketi ikiwa na kilogramu 0.4, hiyo hiyo hufikia uwiano wa 6.1, na kupaa kwake kwa utulivu hupendeza kuliko kuchomoka kwa F39.

Sekunde za kungoja

Fueli ya F39 inapokwisha, roketi yetu inakwenda karibu mita 59 kwa sekunde, kama tungepuuza hewa. Tukigawanya kwa 9.8, tunapata sekunde 6 za kuendelea kupanda, na namba 6 kwenye pakiti inaonekana kufaa kabisa. Hapa wengi hukosea. Hewa huipunguza roketi mwendo wakati wa kuungua na baadaye. Kwa mwili wenye kipenyo cha milimita 66 hivi, muda wa kufika kileleni hushuka hadi karibu sekunde 4.8, na kimo kinakuwa kama mita 160 badala ya 215. Muda wa sekunde 6 ungeufungua mwavuli roketi ikiwa imeanza kushuka kwa zaidi ya sekunde moja, ikienda kama mita 11 kwa sekunde. Muda wa sekunde 3 ungeufungua roketi ikiwa ingali ikipanda kwa karibu mita 18 kwa sekunde, na kamba ya mwavuli ingeweza kuupasua mwili wa karatasi kwa urefu kama kisu. Kati ya mbili hizo, 6 ni afadhali. Watengenezaji wengine hutoa zana ya kufupisha muda huo. Itumike kama maelezo yasemavyo, wala si vinginevyo.

Je, mtu akitia G? Mota yenye takriban niutoni-sekunde 120 ingeipeleka roketi hiyo zaidi ya mita 400. Mwavuli ukishuka mita 5 kwa sekunde katika upepo wa mita 5 kwa sekunde, roketi hupeperushwa umbali ulio sawa na kimo chake. Kutoka mita 160 itaanguka mita 160 mbali. Kutoka mita 400 itakuwa imekwisha kupita mpaka wa uwanja wa mita 300. Mota kubwa imepoteza roketi nyingi ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Kubwa lililobaki ni mikono. Mota ya kujazwa upya hukabidhi kwa mrushaji kazi moja ambayo awali ilifanywa kiwandani, yaani kuiunganisha, na pete za mpira ndizo zinazozuia gesi ya moto isipenye pasipotakiwa. Tarehe 28 Januari 1986 pete kama hizo, zikiwa kubwa mno na zimekakamaa kwa baridi, zilishindwa kuziba kiungo cha roketi ya pembeni ya chombo Challenger, na watu 7 wakafa. Katika mota ndogo, pete iliyosahauliwa au chembe ya mchanga yatosha kulitoboa ganda. Kwa hiyo kila pete hupakwa grisi, hukaguliwa na kutumika mara moja tu. Vipande vya pakiti moja havichanganywi na vya nyingine. Moto huwashwa kwa umeme, watu wakiwa angalau mita 9 mbali, na mota ikikataa kuwaka, hakuna anayeikaribia kabla ya sekunde 60 kupita.

Roketi ikisharudi, ganda huachwa lipoe, kisha hufunguliwa na kufutwa masizi. Mrija wa ndani hutazamwa kama umeungua upande mmoja zaidi, kwani hiyo ni dalili ya gesi iliyopenya. Mwanafunzi aliyeshika saa huandika katika daftari sekunde zilizopita tangu moshi ulipokoma hadi mwavuli ulipotokea, na kando yake sekunde alizokuwa ametabiri.